Choo Walichomchimbia Twalibu wa Igalula

IGALULA, Tabora, 1976 — Saa moja asubuhi, honi inasikika kutoka upande wa Tabora. Twalibu Mussa, mfanyakazi wa stesheni, anauinamia wenzo wa chuma, anauvuta kwa mikono miwili, na reli zinahama kuipisha treni ya mizigo. Anainua bendera ya kijani. Jasho linamtiririka, ingawa jua halijawa kali.

Behewa la mwisho likishapita, anakimbilia choo cha matofali kilicho jirani.

"Leo tumbo nimeamka nalo," anasema akirudi. "Lakini treni hainingoji."

Twalibu, mwenye miaka 38, anaugua ugonjwa wa Crohn, unaoujaza utumbo vidonda. Huleta homa, kuhara damu na maumivu ya kumkunja mtu. Dawa huutuliza tu, haiumalizi.

Kwa muda mrefu alitibiwa minyoo. Majirani walisema amerogwa. Mwaka 1971, akiwa amebaki mifupa, alipanda treni peke yake hadi Dar es Salaam, na huko daktari akautambua ugonjwa.

Vidonge vyake vya njano havipatikani Tabora. Gadi mmoja wa treni humnunulia Dar. Vinakula karibu nusu ya mshahara wake wa shilingi 380 kwa mwezi. Mkewe, Mwanahawa, hujazia kwa kushona sare za shule.

"Siulizi kama dawa imekwisha," anasema Mwanahawa. "Mlango wa uani ukifunguliwa usiku kucha, unaniambia."

Kazini, Twalibu alificha. Choo cha stesheni kilikuwa mbali, na siku moja mwaka jana Elieza, mkuu wa stesheni, alikuta wenzo hauna mtu. Hakuna treni iliyokuwa karibu, lakini Elieza alitaka aachishwe kazi.

Shauri lilipelekwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Twalibu, mtu wa haya, akasimama akasema yote: damu, suruali ya akiba aliyoifunga ndani ya gazeti, saumu za Ramadhani zilizomshinda.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka. "Nikajua kazi imekwenda."

Aliyefungua kinywa ni Abasi, msimamizi wa mafundi reli.

"Sasa ndugu zangu, kumbe tatizo ni choo? Sisi tunatandika reli porini, choo kitatushinda?"

Jumamosi iliyofuata walikuja na majembe na sururu, mapumziko yao wakayaacha. Wakachimba hatua chache kutoka kwenye wenzo. Matofali aliyaleta Elieza mwenyewe. Tangu hapo, Twalibu akizidiwa hupunga mkono, na mwenzake humshikia wenzo.

"Namtazama akisimama pale na maumivu ambayo mimi yangenilaza kitandani," anasema Elieza. "Nguvu hizo sijui anazitoa wapi."

Habari zake zimefika Nzega. Mwezi uliopita alijiwa na Josepha, mpishi wa shule, aliyedhoofika kwa maumivu yanayofanana na yake. Ameambiwa aende Dar es Salaam, lakini hajawahi kupanda treni.

"Kaka, hivi watanipasua?" alimuuliza.

"Sijui, dada. Tutawauliza pamoja."

Twalibu anatumaini siku moja vidonge hivyo vitafika hospitali ya Tabora. Kwa sasa ameomba likizo. Jumatatu yeye na Mwanahawa watamsindikiza Josepha.

"Mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali sina hata wa kunishikia mfuko," anasema. "Huyu hatakaa peke yake."