Mpagazi Asiye na Uso

Walitoka weupe. Askari wote wadogo wa kuchezea niliokuwa nimewapaka rangi tangu Ramadhani iishe walitoka weupe kana kwamba mtu amewamwagia unga wa ngano. Nilikuwa nimewapulizia vanishi nje ya banda, asubuhi moja ya masika, mvua imekatika punde tu. Vanishi ya kopo haitaki hewa yenye maji. Hunasa unyevu, ikaganda kama ukungu juu ya rangi, na kazi yako ikawa imekwisha. Na mimi, nichekeni tu, ni fundi wa viyoyozi. Kutwa nashinda katika hoteli za Galu nikiwakaushia watu wengine hewa. Nilikaa juu ya ndoo nikawatazama, nikatoa maneno ambayo mama asingependa kuyasikia.

Mambo haya niliyaingia kwa njia ya kazi. Mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu anayeishi Galu, aliniita nikamtengenezee kiyoyozi, na chumbani mwake nikakuta meza kubwa yenye vilima, vichaka na vijisanamu vya askari, kila kimoja hakifiki nusu ya kidole changu. Akanieleza kuwa ni mchezo: watu wawili, dadu na kitabu cha kanuni, na vita vya zamani vinapiganwa upya mezani. Siku ile alikuwa akipanga vita vya Mwingereza na Mjerumani, vile vilivyopita huku huku kwetu, kutoka Gazi hadi mpakani. Nikasahau kiyoyozi. Nyumbani kwetu Msambweni, vita vile vilikuwa na mtu mmoja tu: babu yake mama, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza na hakurudi. Hana kaburi, hana picha. Nikajiambia nitamsimamisha mezani pale, miongoni mwa wenye bunduki, na tangu hapo sijatulia.

Mama hakutaka. Kwake yeye malaika hawaingii penye sanamu, na hata kalenda yenye picha za watu huigeuza ikatazama ukuta. Tulivutana sana, mwisho tukasikilizana: nitafanyia kazi yangu kwenye banda la kuku lililokuwa tupu, na hakuna hata mmoja nitakayemtia macho, pua wala mdomo. Basi jeshi langu lote likawa na nyuso tupu. Mzee wa Galu akawa ananitania, eti vipofu wangu watamlengaje adui. Mara ya kwanza nilicheka.

Taabu yenyewe ilikuwa kujua mpagazi alionekanaje. Ukitaka kujua koti la ofisa lilikuwa na vifungo vya namna gani, utawakuta watu mtandaoni wanagombana juu ya vifungo hivyo kana kwamba ni urithi. Ukitaka askari wa kawaida, utapata kofia yake, bunduki yake, hata vitambaa alivyojifunga miguuni. Uliza mpagazi alivaa nini, kimya. Nilimaliza bando baada ya bando. Nilivuka kwa feri kwenda kuuliza Mombasa, nikarudi na pole nyingi. Picha zilizopo zinawaonyesha katika mstari mrefu, kila mmoja na kasha kichwani, na kivuli cha kasha kimemwangukia usoni. Nilizikuza kwenye simu mpaka zikageuka madoa.

Na wanaovitengeneza vijisanamu hawakujisumbua. Boksi aliloniagizia mzee lilikuja na wapagazi waliofunga kipande cha ngozi kiunoni, vifua wazi, wote sura moja. Wallahi nilikasirika. Mtu wa Msambweni, Mwislamu, atoke nyumbani kwake hivyo? Bibi yake mama alikuwa akisimulia kwamba mumewe aliondoka na kikoi, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na mkeka kwapani. Basi nikachukua putii, ule udongo laini wa kufinyangia, na sindano, nikamchagua mmoja, nikamvika kikoi mkunjo kwa mkunjo. Nikamtia kofia na mkeka. Kasha nikalihamishia begani, ili angalau yeye kichwa chake kionekane. Siku ile vanishi iliponitia hasara, yeye alikuwa bado ndani ya banda anakauka, ndiyo maana akasalimika. Wale askari niliwaloweka rangi ilegee, nikawasugua kwa mswaki, nikaanza upya.

Walipokuwa tayari, nilimfunga mpagazi wangu kwa pamba ndani ya kopo la kahawa, nikapanda bodaboda naye hadi Galu. Nilipanga askari mbele, yeye nyuma yao. Mzee alimnyanyua, akakisifu kikoi, na sifa zake zilikuwa za kweli. Kisha akamweka pembeni, kwenye sinia la vikombe vya chai, na pale alipokuwa amesimama akaweka kifungo cha shati.

"Hao hawahesabiwi, fundi," alisema. "Hawapigi risasi. Tunahitaji alama ya mizigo tu."

Nikamuuliza, na wakifa je? Akafungua kitabu cha kanuni kwa upole, maana si mtu mbaya, akanionyesha kwa kidole. Wakifa, kikosi kinapunguza mwendo. Hakuna upande unaopoteza chochote. Nilitaka kumwambia kwamba nyumbani kwetu tumepoteza, lakini nilijua nikifungua mdomo nitamkosea heshima, na yeye ni mtu mzima. Nikarusha dadu kwa hasira tu, nikashindwa, nikakataa chai, nikamrudisha mpagazi wangu koponi nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mama uani anakuna nazi. Nikamwamkia, akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote, pamoja na kifungo. Alijifuta mikono kwenye leso akataka kumwona huyo mpagazi, yeye ambaye hajawahi kukanyaga banda langu. Nikafungua kopo, nikamtoa kwenye pamba. Mama alimsogeza karibu na macho, akamgeuza, akagusa kofia kwa ukucha.

"Mbona hana uso?" aliniuliza.

"Si wewe uliyekataza, mama?"

"Nilikataza wale. Huyu ni babu yangu."

Nikamuuliza alikuwa akifanana vipi. Nilitegemea jibu, nakiri, kwa jinsi alivyouliza kwa ukali. Lakini mama hakuwahi kumwona. Baba yake mwenyewe alikuwa tumboni babu yule alipochukuliwa. Na bibi yake alikuwa tayari kusimulia kikoi na mkeka siku nzima, ila ukimuuliza uso alianza kulia, watoto wakaacha kuuliza. Niliona limemuuma, nikajuta. Vifungo vya maofisa navijua vyote, na hili moja hakuna aliye hai anayelijua.

Mama akaisogeza mbuzi yake ya kukunia kwenye mwanga, akaketi, akairudisha leso vizuri kichwani.

"Basi nitazame mimi," alisema. "Humu usoni lazima mmebaki kitu chake."

Nikakimbia kuchukua brashi. Mama, ambaye hajakubali kupigwa picha isipokuwa ya kitambulisho, alinikazia macho. Uso wa kijisanamu ni mdogo kuliko punje ya choroko. Niliharibu, nikafuta, nikaharibu tena, na yeye ananiambia nifanye haraka, mchuzi unangoja. Nilipompa, alimtazama sana, kisha akasema pua haikukaa vizuri. Nikamwambia hiyo ni pua yake mwenyewe. Aliingia naye ndani, akamweka kabatini pamoja na vikombe vyetu, na akasema asirudi tena kwenye meza ile.

Kwa hiyo mezani hayuko, baada ya taabu yote hiyo. Boksi lenyewe bado liko bandani, na wenzake wamo, vifua wazi, kila mmoja ni wa nyumba fulani. Putii ninayo, vikoi nitawavika. Ila kwa nyuso zao, sijui nimtazame nani.