Barua Niliyoificha Mlimani

Tulifika Maskati kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi, dada yangu na mumewe, ambaye pia ni binamu yetu. Tulikaa vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji. Mimi kwetu nilikuwa nikisomea ualimu, na hapa hapakuwa na skuli ya wasichana hata moja, kwa hiyo nikawa mtu wa kupika na kufua. Dada alikuwa akikohoa tangu melini. Mwaka wa pili nilikuta damu kwenye leso yake, akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia mumewe siku hiyo hiyo.

Daktari alisema ni kifua kikuu, apelekwe Bara Hindi, kwenye hospitali za milimani. Ruhusa ya kusafiri ilichukua miezi. Shemegi hakuweza kuiacha kazi, basi nikachaguliwa mimi, kwa kuwa sina mume na Kihindi nilikijua kidogo kwa kucheza na watoto wa majirani zetu Unguja. Ami yetu alitufikisha, akarudi.

Ulikuwa mji mdogo wa misunobari juu ya bonde, na nyuma yake milima ya theluji ambayo mwanzo nilidhani ni mawingu. Wagonjwa walilazwa barazani chini ya mablanketi mazito, wavute ile hewa. Mhudumu wetu, mwanamke wa Kibaniani wa makamo, alikuwa na hadithi ya kila jiwe la mji ule. Aliyoipenda zaidi ni ya kilima kilichokuwa mbele ya baraza. Kwa imani yao, mungu wao mwenye sura ya kima alikanyaga hapo kwa ncha ya mguu, aliporuka kwenda kutafuta dawa ya ndugu wa bwana wake aliyejeruhiwa vitani. Alipofika kwenye mlima wa dawa hakuutambua mmea alioagizwa, akaung'oa mlima mzima akaubeba. Dada alikuwa akimwomba airudie, nami nafasiri.

Mwezi wa kumi wa matibabu daktari alimruhusu kutembea, na dada akataka kwenda juu ya kilima kile. Asubuhi hiyo nilipata barua ya shemegi, imeandikwa jina langu. Ameoa. Binti wa watu wa mji wa Samail, wa heshima, na mimi nitafute wakati mzuri nimwambie dada taratibu. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti.

Tulipanda polepole, yeye kamshika mhudumu mkono. Juu palikuwa na hekalu dogo lililopakwa rangi nyekundu na kima wengi wakipora karanga za wageni. Mhudumu aliingia kusali. Sisi tulikaa nje juu ya jiwe. Dada hakukohoa hata mara moja njia nzima, na uso wake ulikuwa umejaa tena.

Aliniambia mkuu wa wauguzi kamtaka abaki, awafundishe wagonjwa kushona, na chumba atapewa. "Nimemkatalia," alisema. "Nna mume ananingoja."

Hapo ndipo ningesema. Nilimuuliza kama anaona baridi.

Nilijiambia kifua hakijapona sawasawa, nikajiambia hivyo miezi mitano. Barua za shemegi kwake zikaendelea kuja, za salamu na dua, hazina neno lile. Alikuwa akizisoma kwa sauti barazani, mimi namsikiliza.

Tuliporudi Maskati, mlango ulifunguliwa na msichana wa rika langu mwenye mimba kubwa. Alimbusu dada mkono, akamwita khala, kama amwitaye mama mdogo, akatuletea kahawa na halua. Dada alidhani ni jirani. Yule binti ndiye aliyefahamu, akaona haya, akasema kwa Kiarabu kwamba yeye aliambiwa khala ana habari ya ndoa, kwani mimi ndugu yake niliandikiwa barua zamani.

Dada aliweka kikombe chini. Aliingia chumbani, nami nikamfuata.

"Ilikuja lini?"

"Siku tuliyopanda kilimani."

"Kabla ya kupanda?"

"Kabla."

"Unayo barua, na mimi nnakwambia nna mume."

Nilisema niliogopa kifua chake. "Ungelinambia pale, ningelibaki kule," alisema. "Sasa nitakwenda wapi?"

Kweli hakuwa na pa kwenda. Unguja imefungika, Bara Hindi ruhusa imekwisha, na wazee wetu wamekufa. Alibaki katika nyumba ile, akalala chumba cha nyuma, na mtoto wa mke mwenzake alipozaliwa yeye ndiye aliyemkanda mzazi maji ya moto siku arubaini. Dada alimsamehe shemegi kabla ya mwaka kwisha. Alisema wanaume ndivyo walivyo. Mimi alizungumza nami mambo ya chumvi na mchele tu.

Mwaka wa sabini mambo ya nchi yalibadilika, wakatafutwa walimu wa kike, nikaandikwa kazi. Nilikwenda uani kumwambia dada. Alikuwa akipepeta mchele. Alinipongeza kwa kusema mabruki, akaniuliza watoto hao nitawasomesha nini. Nikamjibu, kusoma na kuandika. Akaendelea kupepeta, na hakunikaribisha nikae.