Nafasi ya Epifania

Niyitegeka ana kichwa kigumu, na hilo nalisema hata mbele yake. Mimi ni Mwanaamina, mwenye duka la vitenge hapa Kibondo, na nimepiga naye kinanda cha mdomo kwa miaka thelathini. Namwita shemeji kwa sababu mkewe, Epifania, alikuwa zaidi ya ndugu kwangu. Mimi Mwislamu, yeye binti wa wakimbizi wa Burundi, lakini kila Idi na kila Krismasi nguo zetu zilikatwa kwenye jora moja.

Vinanda vyenyewe vilitoka Kasulu. Marehemu mume wangu, Nurudini, alileta boksi zima akidhani wazazi watawanunulia watoto. Wapi! Vikadoda. Siku moja Niyitegeka alikuja dukani na maharage yake ya kuuza, akachukua kimoja, akapuliza, akavuta, ukatoka wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba wakati wa kupalilia. Wateja wakaacha kuchagua vitenge, wakamsogelea. Nurudini akasema, "Haya, gawaneni vyote, vinanijazia shelfu." Tukawa watu saba, na hakuna harusi ya maana iliyofungwa Kibondo bila sisi.

Wimbo ule wa kupalilia ndio ulikuwa wetu. Niyitegeka anauliza, Epifania anajibu, sisi wengine tunafuata kwa zamu. Na Epifania alijibu kwa madaha! Alimchelewesha mumewe makusudi, mpaka watu waanze kucheka, ndipo amjibu. Ah, siku zile zilikuwa tamu, sikudanganyi.

Mwenzetu Venanti alipofariki, Niyitegeka akaweka sharti: nafasi ya marehemu haijazwi. Zamu yake ikifika, wote tunaondoa vinanda mdomoni, tunapiga mguu chini taratibu mpaka ipite, kisha tunaendelea. "Mtu si tairi, kwamba utatia spea," alisema. Watu wakazoea, wazee walikuwa wakivua kofia hapo. Halafu wakaenda wengine, na mwishowe akaenda Epifania.

Mwaka huu tukaamua kusherehekea miaka thelathini kwa onyesho katika ukumbi wa parokia. Tumebaki watatu: yeye, mimi na Claude, fundi cherehani. Kwenye mazoezi wimbo ulikuwa mashimo matupu. Hapo nikagundua jambo lililonitisha: majibu ya Epifania nilikuwa nimeanza kuyasahau. Nilijaribu kuyaimba jikoni, yakanipotea katikati. Claude naye vivyo hivyo. Aliyeyajua yote ni mumewe tu, na kifua chake siku hizi si cha kutegemea.

"Shemeji," nikamwambia, "pigia mwenzako nafasi yake. Mara moja tu, tusikie."

"Sharti ni sharti, shemeji."

"Sharti gani la kumfuta mtu? Ukiondoka wewe, na yeye anaondoka mara ya pili!"

"Yebaba we, huyu mwanamke! Na maswali atapiga nani? Mdomo ninao mmoja."

Claude akasema atayapiga yeye. Akajibiwa kwamba zamu ya mtu haipigwi na mwingine, awe mzima au amekufa. Nilikasirika, jamani. Nikatoka bila kuaga, na huku kwetu kumwacha mtu mzima bila kuaga ni tusi.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tulimsalimu Niyitegeka kwa kupiga makofi na kuinama kidogo, kama desturi ya Waha wa huku, kisha tukaanza. Ikafika zamu yake ya kuuliza. Hakuuliza. Alishusha kinanda, akapiga mguu chini. Nikadhani anaumwa, au amesahau. Claude akanitazama, nami nikamtazama yeye. Tukapiga mguu pamoja naye.

Zamu yake ikapita. Ikafika ya Epifania. Shemeji akainua kinanda, akasubiri, akasubiri tena, makusudi kabisa, kisha akajibu.

Alikuwa ni Epifania mwenyewe! Madaha yote, mzaha wote. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, wengine wakacheka palepale tulipozoea kuwachekesha. Niyitegeka aliendelea hivyo wimbo mzima: zamu yake kimya, ya mkewe akaipiga yote, mpaka mwisho, bila kuruka hata kipande. Mimi nilikuwa napiga huku machozi yananiingia mdomoni.

Tuliposhuka jukwaani nikamshika mkono. "Asante, shemeji. Lakini nafasi yako umeiacha tupu."

"Ndiyo," akasema, anahema. "Ya kwangu mnaijua wote. Anzeni kuizoea ikiwa kimya."

Nilimwambia aache upuuzi wake. Nilimwambia kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Yeye akacheka tu, akanipa kinanda nimshikie avae koti, na kilikuwa bado cha moto.