Bahari Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kusali kwa ajili ya samaki. Ndugu zangu wakiliibua jambo hilo kwenye shughuli za ukoo, mimi hucheka kuwazidi wote na kusema wamenichanganya na mtoto mwingine. Hawakunichanganya. Nilisali, tena kwa bidii ambayo sikuirudia hata nilipokuwa nasubiri matokeo ya chuo kikuu, na juu ya dua tulizofundishwa madrasa niliongeza moja ya kwangu: samaki wasife, ili Mama asiondoke. Ninachokumbuka zaidi ni harufu. Nyumba yetu ya Lukozi ilizoea kunuka moshi wa kuni, mikaratusi iliyoloa na kabichi zinazosubiri lori. Msimu ule iliingiwa na harufu ya mawe ya matumbawe yaliyoanza kuoza, harufu nzito ya chumvi na ya kitu kilichokufa, ikakaa sebuleni kama mgeni asiyetaka kuvua viatu.

Mama alizaliwa Tanga mjini, hatua chache kutoka majini, na Baba alimleta mlimani akiwa bibi harusi mwenye viatu vya wazi. Miaka ilipita bila mlima kumzoea, wala yeye kuuzoea mlima. Msimu ninaousema ulikuwa wa baridi, ule ambao ukungu hushuka alfajiri na kusahau kupanda. Mama alivaa sweta mbili na kanga juu yake, akazunguka ndani ya nyumba kutoka dirisha hadi dirisha. Hakuweza kukaa. Alianza kuchambua mchele akauacha kwenye ungo, akaenda mlangoni, akarudi, akauliza kama kuna aliyeita. Chini ya kitanda chake kulikuwa na begi la kijani lililofungwa. Siku moja nilimsikia Shangazi, dada yake Baba aliyeishi nasi, akimwambia jirani huku wakimenya viazi, "Wifi yangu huyu, mahindi ya mwaka huu hayali." Nilikuwa nyuma ya mlango. Tangu hapo na mimi sikukaa tena. Nikitoka shule nilikimbia kwanza kuchungulia uvunguni, nikiliona begi ndipo nakwenda kula.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kijiji kizima kilimjua kwa ukali wake juu ya miche. Hakuruhusu mche wa kabichi utoke kitaluni kabla haujakomaa. Aliyewahisha alisemwa mbele za watu. Maneno matamu hakuwa nayo. Kwa hiyo badala ya kumwambia mkewe abaki, alinunua vioo vya madirisha, akaviunga kwa puti, akatengeneza tangi lenye ukubwa wa sanduku la nguo na kuliweka sebuleni. Alikusudia kumletea Mama bahari. Mjomba Bakari, kaka yake Mama, alikuwa dereva wa lori lililoshusha kabichi Tanga na kupanda tupu. Safari moja hakupanda tupu. Alileta madumu ya maji ya bahari, gunia la mchanga na mawe ya matumbawe, pamoja na maelekezo aliyopewa na mwenye duka mmoja wa Tanga aliyefuga samaki kando ya kaunta yake.

"Shemeji, haya mawe yaache yanuke," alisema. "Yakinuka yanafanya kazi. Harufu ikiisha yenyewe, niite niwalete samaki."

Baba aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo analolifundisha. Lakini alisahau kumwambia dada yake. Kwetu milimani maji ndiyo majivuno yetu. Tunakunywa yanayotoka mwambani, baridi hadi meno yanauma, na mtu wa tambarare akija tunampa kikombe kisha tunamtazama usoni tuone kama ameelewa. Nyumba inayonuka ni aibu, na mwenye aibu ni mwanamke anayeishika nyumba. Shangazi aliivumilia ile harufu kwa muda, hadi siku alipopata wageni wa kisomo. "Bahari gani hii isiyooga?" alisema. Tukabeba mawe na mchanga hadi kijitoni, yeye na sisi wasichana wote wa nyumbani, tukasugua kwa majivu na sabuni ya mche. Ute wote ulitoka, na vidudu vidogo vilivyojificha matunduni tukavichokoa kwa vijiti. Mawe yakawa meupe kama meno ya mtoto. Baba aliporudi akakuta tangi linang'aa, maji yakionyesha ukuta wa upande wa pili, hakukasirika. Alimsifu Shangazi. Kwa macho yetu sote, maji maangavu yalikuwa maji yaliyo tayari. Hatukujua maji ya namna nyingine. Leo naelewa kwamba ule ute ndio ungekula sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Tuliiosha bahari hadi ikaisha, tukabaki na maji ya chumvi.

Pengine muda ungetusaidia, lakini muda haukuwepo. Mama alikuwa ameanza kuulizia siku ya lori. Baba akasikia, akatuma habari Tanga, na safari iliyofuata Mjomba akaja na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Aliinama juu ya tangi, akavuta pumzi.

"Mbona hainuki?"

"Imesafishwa."

"Shemeji, nani kakwambia bahari inasafishwa? Hawa nirudi nao, niwalete safari nyingine."

Baba alitazama mlango wa chumbani. "Bakari, sina hiyo safari nyingine," akasema, akaichukua ndoo mwenyewe.

Walikuwa samaki wadogo wenye milia ya manjano na nyeusi, na sebule yetu ya kijivu iliwaka. Mama alitoka chumbani, akawatazama kwa muda. "Baba Zuhura," alimwita Baba kwa jina langu, "hawa ni wa kukaanga au wa mchuzi?" Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Lakini mimi niliona jambo ambalo wengine hawakuliona: Mama alivuta kigoda, akakaa. Alikaa hadi chai ikapoa. Hapo ndipo nilipoanza kusali.

Samaki hawakusubiri dua zangu. Walianza kupanda juu ya maji na kufungua vinywa, kisha mmoja akalala ubavu, na mwingine. Tuliwasha jiko la mkaa kando ya tangi, tukidhani ni baridi tu. Baba akaleta pampu ya baiskeli, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kuwapulizia hewa, shati limemtoka kwenye suruali, mwalimu ambaye wanafunzi walikuwa hawajawahi kumwona bila tai. Alipobaki samaki mmoja, lori lilipiga honi barabarani. Mama aliingia chumbani. Niliweka kiganja kwenye kioo na kumwambia yule samaki, kwa sauti, avumilie kidogo. Akageuka tumbo juu. Baba aliendelea kupampu. Honi ikalia tena, halafu nikasikia lori likiteremka kona bila Mama.

Hakuna aliyeeleza chochote. Tangi lilitiwa udongo likawa kitalu cha miche ya kabichi, na Baba hakuutoa hata mmoja kabla ya wakati wake. Ndugu zangu wanashikilia kwamba Mama hakuwa na nia ya kuondoka, kwamba yalikuwa maneno ya Shangazi tu na mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu. Baba tumemzika. Mama yupo Lukozi hadi leo, na sweta zake mbili. Mimi naishi Dar es Salaam, ambako joto ni la bure na hakuna anayekaa. Nabonyeza kitufe cha lifti mara tatu kana kwamba itanionea huruma. Juzi, kwenye ukumbi wa hoteli moja, nilikuta tangi la samaki wenye milia ileile. Kijana anayelitunza aliniambia walisubiri wiki nyingi maji yakiwa matupu, bila samaki, hawakufanya lolote, walisubiri tu. Alisema kama ni jambo jepesi. Nikampigia Mama palepale nimesimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamuuliza kama kweli msimu ule alitaka kutuacha. Nilisikia kuku upande wake, na kigoda kikisogezwa.

"Nilikuwa naondoka," alisema. "Begi lilikuwa mkononi. Nimefika mlangoni namwona baba yako anampulizia upepo samaki aliyekwisha kufa. Mtu mzima, na elimu yake. Nikarudisha begi."

"Na wangepona?"

"Wangepona angeona kazi kaimaliza. Ningepanda lori."

Ndipo nikamwambia habari ya dua, mimi niliyeikana kwa wote. Mama akacheka kile kicheko chake cha Tanga, kirefu, hadi akakohoa.

"Basi shukuru hukujibiwa," akasema. "Haya, kata simu ukale."