Kiti cha Nyuma

Nilinunua pikipiki yangu baada ya kustaafu: ndogo, kiti chake cha chini, usukani mpana, injini ikinguruma kama mtu anayezungumza bila haraka. Sisi wazee watatu wa kanisa moja tunazo za namna hiyo. Jumamosi tunakutana kwa fundi Kabeza, huyu akibadilisha taa, yule vioo, na tunasahau magoti yetu.

Shida yangu ilikuwa abiria. Kigali, ukiwa na kiti cha nyuma kitupu na kofia ngumu ya pili ikining'inia, wewe ni dereva wa moto, kama tunavyoiita pikipiki ya abiria. Asubuhi moja nimesimama kwenye taa za barabarani, mama mmoja akaivaa kofia ya mke wangu, akapanda na mfuko wake wa viazi.

"Muzee, twende Masoro. Nimechelewa."

"Mama, mimi si moto."

"Na hii nimekalia ni nini, ng'ombe?"

Nikampeleka.

Wenzangu walicheka hadi machozi. "Weka kiti cha mtu mmoja," alisema mmoja wao. "Ndivyo pikipiki hizi zinavyopendeza." Nikaona ni ushauri mwema. Tena kila Jumapili, kutoka kwetu Batsinda hadi mlango wa kanisa, mke wangu alinung'unika: mgongo, vumbi, mashimo, kona ninazokata kama kijana. Nilidhani nampumzisha. Fundi akashona kiti kimoja cha ngozi ya kahawia, na pale nyuma akafunga sanduku dogo la Biblia na kitabu cha nyimbo.

Jumapili mke wangu alitoka na kofia yake mkononi. Akaitazama pikipiki.

"Mimi nakaa wapi?"

"Jirani atakupeleka kwa gari. Mgongo wako..."

"Nilikwambia mgongo unauma. Nilikwambia nataka kushuka?"

Akasimamisha moto barabarani, akaenda zake. Nikamfuata kilima baada ya kilima, nikiutazama mgongo ule ule ukiwa umenyooka nyuma ya mtu asiyemjua.

Mahubiri sikuyasikia. Nimesuluhisha ndoa nyingi kwa miaka ya uzee wangu wa kanisa, lakini ya kwangu sikujua nianzie wapi. Alichukia safari, au aliipenda? Nilimwuliza Mungu. Alinyamaza, kama anavyofanya mara nyingi nami, na ninamshukuru hata kwa hilo.

Jumatatu nikarudi kwa fundi.

"Kile kiti cha zamani bado unacho?"

"Mzee, si ulisema kinakuletea abiria?"

"Kirudishe. Ukiwekee na egemeo la mgongo."

Sanduku halikupata tena nafasi. Jumapili iliyofuata Biblia ikasafiri ndani ya mkoba wa mke wangu, kama zamani. Alikaa, akaegemea, akanyamaza mpaka mwisho wa mteremko. Nilianza kuogopa.

"Egemeo lenyewe gumu," akasema. "Na hiyo kona, Baba, unakimbilia wapi?"

Mpaka leo sijaelewa. Nilipunguza mwendo tu, nikashukuru.