Shikamoo Kutoka Shimoni

Aibu hii nilitaka kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa wenzangu wa mgambo wanaisimulia kila penye harusi, tena wakitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo, huku kwetu Kirushya, siku ya kupimwa kama kikosi chetu kinaweza kujificha ardhini adui asikione. Afande mpimaji alikaa kilima cha pili na darubini na saa, na sisi kumi na wawili tukajichimbia mashimo shambani upande huu (mwenye kaya alikuwa ameruhusu, ila hakumwambia mama yake). Tukionekana watatu tu kabla ya saa nzima kwisha, kikosi kizima kinarudia mafunzo. Mimi nilikuwa nimeshaahidiwa kazi ya ulinzi Lusahunga, kwenye maegesho ya malori, mradi nifike Jumatatu na cheti, kwa hiyo cheti hicho nilikitaka kuliko chakula.

Wenzangu walijifunika nyasi kavu. Mimi, mjuaji, nikaona nyasi zinawasha, nikajifunga majani mabichi ya viazi vitamu toka kichwani mpaka kiunoni (nikapendeza, msinicheke). Dakika arobaini zikapita, darubini haijaona mtu, ndipo wakaja mbuzi wanne wakaanza kula kofia yangu, mmoja akanivuta sikio, nami kimya, nimeuma meno, nikijiambia cheti, cheti, mpaka akatokea mwenye mbuzi, bibi mmoja na fimbo yake, akainama kuangalia wanakula nini. Tukatazamana machoni. Sasa jamani, mimi nimelelewa: mtu wa umri wa bibi yangu ananitazama usoni, nimnyamazie?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu kwa upole kabisa, halafu akagundua kwamba anaongea na matembele. "Yewe! Mtu! Kuna mtu ardhini!"

Nikasimama kumtuliza, majani yaliyobaki yananing'inia, nikamweleza kwa adabu zote asiogope, sisi ni mgambo, tunapimwa. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

"Sisi? Mko wangapi kwenye maharage yangu?"

Akazunguka shamba lote, na kila kichaka asichokijua akakigonga kwa fimbo: "Inuka! Na wewe inuka! Wewe umelalia mche wangu wa kahawa!" Wakainuka wote kumi na mmoja na bunduki zao za mti, kila mmoja akimwamkia.

Afande akashuka taratibu, akafungua daftari. "Darubini haikumwona hata mmoja," akasema. "Bibi amewaona wote."

Cheti sikupata, kazi ya Lusahunga ikaenda kwa mwingine, na tuliporudia mafunzo, wiki nzima ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Iliniuma sana. Nikaapa: nikiwa shimoni, hata apite nani, simwamkii. Siku ya kupimwa tena akapita mzee mmoja na baiskeli, akasimama karibu yangu kabisa akijifuta jasho, nikauma ulimi mpaka akaondoka, tukafaulu. Jioni nikamfuata kwake kumwomba radhi, naye mpaka leo hajui nilimkosea nini.