Émilienne na Pompe Nyeupe

Émilienne alikuwa mwanamke wa kuonja. Alipika kasiksi, pombe ya ndizi, nyuma ya nyumba zetu pale Bunia, na hakumpa mteja kikombe kabla hajapiga funda moja mwenyewe, mteja akimtazama. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Anayekupa kinywaji akikataa kukionja, weka kikombe chini ushike njia. Mwaka ule wa vita, 2003, desturi hiyo ilivuka mipaka. Watu walionjeshana hata chumvi.

Mimi ni Viviane, jirani yake, na katika habari hii sitajifanya mtakatifu.

Émilienne alikuwa na mtoto mmoja tu, Rébecca, wa miaka saba, mgonjwa wa pumu. Zamani hospitali ya Nyankunde ilimpa pompe ya bluu, kile kichupa unachobonyeza mdomoni ukavuta dawa. Tulipokimbia risasi mwezi wa tano, Émilienne aliacha sufuria, akaacha picha ya ndoa, akabeba mtoto mgongoni na pompe ndani ya sidiria. Lakini Nyankunde ilikuwa imekwisha kuvunjwa mwaka uliotangulia, barabara zimefungwa, na pompe nyingine ya bluu haikupatikana mji mzima.

Tuliporudi kutoka kambi ya uwanja wa ndege, duka la dawa lililokuwa wazi mtaani kwetu lilikuwa moja, la muuguzi Athanase. Watu walisema mama yake ni wa upande wa pili. Kabila silitaji, siku zile kulitaja tu kulitosha kumwua mtu. Athanase alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ndio ulionikera. Nilijiuliza, mtu mwenye wajomba upande ule anabaki hapa kututibu sisi kwa sababu gani?

Alimpa Émilienne pompe nyeupe. Akamweleza kwamba ni générique, yaani dawa ileile ya zamani, ila imetengenezwa na kiwanda kingine, ndiyo maana haina jina kubwa. Akamwonya pia kwamba ile ya bluu, hata kama bado inatoa sauti, huenda ndani umebaki upepo tu. Émilienne alikuja na ile nyeupe moja kwa moja kwangu. Tuliinusa, tukaigeuza, tukasoma kijikaratasi bila kuelewa kitu. Kama ni dawa ileile, mbona imebadilisha nguo? Nikamwambia arudi kwa Athanase, amtake aionje kwanza yeye. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Tulikwenda pamoja. Émilienne aliiweka pompe juu ya meza ya duka, akamwomba ajipulizie mbele yetu. Athanase aliirudisha mbele ya Émilienne.

"Mama Rébecca, hii haiko kasiksi," alisema. "Ni dawa ya mutoto."

"Sasa juu ya nini weye unaogopa kitu unatupatia?" Émilienne alimwuliza.

Athanase alishikashika vifungo vya shati lake kifuani na kutazama pembeni. Niliuona mkono ule, na moyoni nikamhukumu papo hapo. Émilienne aliichukua pompe ili Athanase asije akampa mtoto mwingine, akaifunga kwenye kitambaa mafundo mawili, akaendelea na ile ya bluu.

Wiki mbili nzima pompe ya bluu ilitoa sauti yake, na sisi tukatulia. Rébecca alikuwa analalamika kwamba dawa haimfikii. Tulimgombeza, tukamwambia avute kwa nguvu, aache uvivu. Nikikumbuka hilo natamani kujichapa.

Alhamisi moja asubuhi, Émilienne akikamua ndizi, mtoto alibanwa. Mabega yalipanda mpaka masikioni, midomo ikawa ya kijivu. Mama yake akabonyeza ile ya bluu mara tano, mara kumi. Sauti ilitoka, pumzi haikuja. Nikakimbia kwa Athanase, mimi niliyemwita muuaji katika kila nyumba ya mtaa, naye akatoka bila hata kufunga duka.

"Ile mupya iko wapi?" aliuliza.

Émilienne alifungua fundo kwa meno. Lakini pompe hakuitoa. Aliikumbatia kwenye ngumi. Mtoto wake alikuwa anamfia mapajani, na bado hakuweza kuitoa.

"Onja kwanza," alimwambia, machozi yakimtiririka. "Onja."

Athanase aliichukua mkononi mwa Émilienne, akaitikisa, akajipulizia mara mbili, akavuta mpaka tukaona kifua kimeinuka. Akafungua mdomo tuone hakubakiza kitu. Kisha akapiga magoti kwa Rébecca, akampulizia, akasubiri, akampulizia tena, huku akimhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Tulikaa hivyo kwa muda ambao sikuweza kuupima. Mabega yakashuka. Midomo ikarudi rangi yake. Mtoto akasema ana njaa.

Ndipo Athanase akakaa kizingitini, mkono kifuani. Vidole vilikuwa vinamtetemeka na jasho linamtoka. Nasema kweli: mtoto anapumua mbele ya macho yangu, na mimi nikawaza kwamba sumu sasa imejionyesha. Émilienne akamwuliza ana nini.

"Moyo yangu iko mugonjwa tangu zamani," alisema. "Docteur wa Nyankunde alinikatazaka hii dawa. Kwa mutoto ni muzuri. Kwa miye inakimbiza moyo sana."

"Juu ya nini haukusema siku ile?"

"Kama ningesema, mungeniamini?"

Aibu ilinishika mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Émilienne aliingia ndani, akarudi na kikombe cha chai ya mchaichai. Akasimama mbele ya Athanase na, kama kawaida yake, akakiinua kwanza kwenye midomo yake ili aonje.

Athanase alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akakitwaa kabla midomo ya Émilienne haijakigusa, akakinywa chote.